Herufi Hii Iende Dirisha Gani?

Nilikuwa naandika nywila. Vidole vimeshaizoea, macho hayapo hata kwenye skrini. Yako kwenye karatasi iliyo pembeni. Nilipoinua kichwa, nusu ya kwanza ya nywila ilikuwa mahali pake, na nusu ya pili, pamoja na Enter yake, ilikuwa imeshafika kwenye kundi la gumzo lenye watu arobaini. Dirisha la gumzo lilikuwa limejitokeza lenyewe katikati ya kuandika kwangu, likapokea herufi zilizobaki na kuzituma. Mtu mmoja akajibu kwa alama ya kuuliza.

Siku ile niliitukana programu ya gumzo. Baadaye nikaona kwamba nilikuwa nimemkamata mmoja tu katika genge. Programu iliomba, ni kweli, lakini kuna aliyekubali ombi lake, na kabla ya huyo kuna waliotunga kanuni za nani aombe na nani akubali. Kanuni hizo zimerekebishwa kwa miaka karibu arobaini na bado zinarekebishwa. Ukizifuatilia utagundua kwamba karibu zote zinajibu swali moja: mashine itajuaje kwamba mtumiaji ndiye aliyetaka?

Barua isiyo na anwani

Kipanya kina mahali, kibodi haina. Ukibofya, mbofyo unakuja na anwani yake: nukta fulani ya skrini, na kwenye nukta hiyo lipo dirisha fulani. Mfumo hauna la kukisia. Lakini ukigonga herufi K, herufi hiyo haisemi inakwenda wapi. Ni barua isiyo na anwani. Kwa hiyo lazima pawepo kumbukumbu ndani ya mfumo inayosema: kwa sasa, barua zote zisizo na anwani apelekewe fulani. Kumbukumbu hiyo ndiyo fokasi.

Fokasi ina majirani wawili ambao watu huichanganya nao, kwa sababu mara nyingi watatu hao hutembea pamoja. Jirani wa kwanza ni uamilifu. Dirisha amilifu ni lile ambalo mfumo unalihesabu kuwa ndilo unalolifanyia kazi: upau wake wa juu hukolezwa rangi, na jina lake hung'arishwa kwenye mwambaakazi. Jirani wa pili ni rundo, yaani mpangilio wa dirisha lipi limelalia lipi. Video ndogo uliyoibandika juu ya kila kitu iko kileleni mwa rundo, lakini haina fokasi. Dirisha unaloandikia linaweza kuwa na fokasi huku nusu yake imefunikwa.

Mfano mzuri wa tofauti hizi uko kwenye macOS, ambako wasanifu waliamua kuzitaja waziwazi. Ukiwa unaandika waraka kisha ukafungua kidirisha cha rangi na kuchapa namba ndani yake, madirisha mawili yana hadhi kwa wakati mmoja. Kidirisha cha rangi ndicho dirisha la vitufe, maana ndicho kinachopokea unachochapa. Waraka unabaki kuwa dirisha kuu, maana rangi utakayochagua itaupaka huo. Mifumo mingine ina hali hiyo hiyo, ila haikuipa majina.

Kuamilisha dirisha, basi, ni furushi. Ukibofya jina la dirisha kwenye mwambaakazi, yanatendeka mambo kadhaa kwa mpigo: kama lilikuwa limekunjwa linakunjuliwa, kama liko eneokazi jingine unapelekwa huko, linainuliwa juu ya rundo, halafu linapewa fokasi. Matatizo mengi ya madirisha hutokea pale ambapo furushi limefunguka njiani: dirisha limeinuliwa lakini fokasi imebaki kwa jirani, nawe unachapa huku ukishangaa kwa nini hakuna kinachotokea.

Seva isiyo na msimamo

Mahali pazuri pa kuona mitambo hii ikiwa wazi ni mfumo wa madirisha wa X. Ulianza katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984, na toleo la 11, ambalo ndilo kompyuta nyingi za Linux zimelitumia kwa miongo kadhaa, lilitoka mwaka 1987. Waliouunda walishikilia kanuni moja kwa ukali: seva, yaani programu ya katikati inayoshika skrini, kibodi na kipanya, itoe nyenzo, isitoe msimamo. Seva inajua kuchora madirisha, kuyapanga na kupeleka vitufe. Haijui kwamba dirisha linapaswa kuwa na upau wa juu, wala haijui kama fokasi ibadilike kwa kubofya au kwa kupitisha kishale. Hayo yote yaliachiwa programu ya kawaida, msimamizi wa madirisha, ambayo haina cheo chochote cha kuzaliwa nacho. Leo utatumia huu, kesho utaufunga na kuwasha mwingine, na madirisha yako yatabaki palepale.

Msimamizi anapata madaraka yake kwa kuiambia seva: programu yoyote ikitaka kuonyesha dirisha, kulisogeza au kulibadili ukubwa, usitekeleze, niletee mimi ombi lake. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hapa seva yenyewe inalinda zizi: ni programu moja tu inayoruhusiwa kujiandikisha hivyo. Ya pili ikijaribu hurudishiwa kosa.

Sasa tazama pengo lililoachwa. Maombi ya kuonyesha na kusogeza madirisha hupitia kwa msimamizi, lakini ombi la fokasi, linaloitwa SetInputFocus, halipitii kwake. Programu yoyote inaweza kuliambia dirisha lolote lichukue fokasi, na seva itatekeleza papo hapo. Msimamizi anapata habari baadaye, kama mwenye nyumba anayeambiwa na majirani kwamba mgeni amekwisha kuingia. Kwenye X, utaratibu wa fokasi umesimama kwa kiasi kikubwa juu ya adabu za programu.

Ombi lenyewe lina sehemu tatu: dirisha litakalopewa, muhuri wa wakati, na agizo la nini kifanyike dirisha hilo likitoweka likiwa bado na fokasi. Kuhusu hilo la tatu, fokasi inaweza kurudi kwa dirisha mzazi, ikaenda kwa lolote lililo chini ya kishale, au isiende popote, na katika hali hiyo ya mwisho kila unachochapa hutupwa. Kuna masharti pia. Dirisha lisiloonekana haliwezi kupewa fokasi. Ukijaribu, seva hutoa kosa, na kwa programu isiyojiandaa kosa hilo maana yake ni kuanguka. Programu inafungua dirisha, inalipa fokasi palepale kabla halijaonekana, kisha inakufa. Kwenye kompyuta ya mwandishi wake, ambako dirisha lilionekana mapema kabla ya ombi, haikuwahi kuanguka hata mara moja.

Muhuri wa wakati

Muhuri unastahili kukaliwa kitako, kwa sababu ndipo wazo kubwa lilipozaliwa.

Tuseme saa ya seva inasoma milisekunde 5000, nawe unabofya dirisha A. Programu ya A imezidiwa, inasoma faili kubwa, haijauona mbofyo wako. Unachoka kungoja. Saa inaposoma 5300 unabofya dirisha B, ambalo liko macho. B linaomba fokasi, linapewa, unaanza kuandika. Saa ikifika 5900, A linazinduka, linaukuta mbofyo wa zamani kwenye foleni yake, na kwa nia njema kabisa linaomba fokasi. Likipewa, sentensi yako imekatika katikati.

Kinga ni hii: A linapoomba linatakiwa kupiga ombi lake muhuri wa tukio lililolisababisha, yaani 5000, wala si wakati linapoomba. Seva inakumbuka kwamba fokasi ilihama mara ya mwisho kwa muhuri wa 5300. Ombi la 5000 ni la kale, basi linapuuzwa kimya kimya. Muhuri ulio mbele ya saa ya seva nao hukataliwa, ili asitokee mjanja wa kujipa tarehe ya kesho. Wanaoshindana hapa si programu mbili. Ni matendo mawili ya mtumiaji mmoja, na tendo la baadaye ndilo linaloshinda. (Saa yenyewe ni namba ya biti 32, kwa hiyo hurudi sifuri kila baada ya siku 49 na kitu. Kompyuta isiyozimwa huvuka mpaka huo, na msimamizi ambaye hakulifikiria hilo huanza kuwaona wote waliochelewa kuwa wamewahi.)

Udhaifu uko kwenye ruhusa moja ndogo. Ukipiga muhuri wa sifuri, seva inauelewa kuwa ni "sasa hivi". Ruhusa hiyo iliwekwa kwa urahisi, na waandishi wa programu waliipenda mno. Anayeandika sifuri hashindwi kamwe; daima ndiye wa mwisho kufika.

Adabu za kuomba

Kwa vile seva haikuwa na msimamo, ilibidi programu na wasimamizi wakubaliane pembeni. Makubaliano hayo yaliandikwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na hujulikana kwa herufi ICCCM. Yanagawa madirisha katika tabia nne, kulingana na majibu ya maswali mawili: je, dirisha linataka msimamizi alipe fokasi mwenyewe? Je, linataka kuarifiwa zamu yake ikifika?

Linalojibu hapana mara mbili halitaki vitufe kabisa. Saa ya skrini ni mfano. Linalosema ndiyo kwa swali la kwanza tu ni tulivu: linakaa, likipewa linapokea. Linalosema ndiyo kote lina visanduku kadhaa ndani yake na hujigawia lenyewe fokasi ikishafika, lakini halinyakui kwa wengine. Aina ya nne ndiyo ya ajabu. Husema: usinipe, niambie tu kwamba ni zamu yangu, kisha nitaamua mwenyewe kama naichukua na niipeleke dirisha langu lipi. Msimamizi humtumia ujumbe uitwao WM_TAKE_FOCUS, ukiwa na muhuri wa wakati ndani yake, halafu anangoja.

Aina hii ya nne imewatoa jasho watunzi wa wasimamizi wadogo. Ni rahisi kuandika msimamizi anayempa fokasi kila dirisha kwa nguvu, na kwa programu nyingi hutaona tofauti. Kisha anakuja mtu na programu iliyoandikwa kwa lugha ya Java, dirisha linafunguka vizuri, upau umekoleza rangi, lakini halipokei herufi hata moja. Programu inasubiri ujumbe ambao haukutumwa. Watumiaji wa xmonad, msimamizi anayepanga madirisha kama vigae, waliwahi kulazimika kuongeza kipande maalumu kwenye mipangilio yao kwa ajili ya tatizo hilo tu. Nimesikia watu wakiilaumu Java kwa hili. Kwa kweli Java ilikuwa inafuata kitabu; ni wengine ambao hawakukisoma hadi mwisho.

Kubofya au kupitisha kishale

Tukiacha programu, kuna mtumiaji, na watumiaji wamegawanyika makundi mawili ambayo hayajapatana tangu hapo. Wengi hubofya dirisha ndipo lipate fokasi. Wachache, wakiwemo watu waliolelewa na wasimamizi wa zamani kama twm, wanataka fokasi ifuate kishale: kishale kikiwa juu ya dirisha, herufi ziende humo.

Kubofya kunaonekana rahisi mpaka ujiulize msimamizi anajuaje kwamba umebofya. Mbofyo una anwani, na anwani yake ni dirisha la programu, si la msimamizi. Kwenye X msimamizi hutega mtego: kwa kila dirisha lisilo na fokasi anaiomba seva kwamba kitufe cha kipanya kikibonyezwa hapo, aambiwe yeye kwanza na kila kitu kisimame. Unabofya, seva inagandisha kipanya, msimamizi anaamka, analipa dirisha fokasi, analiinua. Sasa ameushika mbofyo wako mkononi na ana njia mbili. Anaweza kuumeza, au kuiambia seva iuachie upya kana kwamba hakuwahi kuwepo, uendelee hadi kwenye programu. Msimamizi akikwama katikati ya hatua hizi, kishale kinasogea lakini hakuna kinachobofyeka, hali ambayo wengi huidhania kuwa kompyuta imeganda yote.

Uamuzi huo wa kumeza au kuachia una uzito kuliko unavyoonekana. Ukibofya dirisha la nyuma na mbofyo ukaangukia kitufe cha "Futa", je, ufute? Kwenye macOS kawaida ni kumeza: mbofyo wa kwanza huleta dirisha mbele tu, isipokuwa sehemu ile imesema kwamba inapokea hata mbofyo wa kwanza. Windows kwa kawaida huuachia upite, lakini kabla ya hapo huiuliza programu, nayo inaweza kujibu kwamba iamilishwe na mbofyo umezwe, au hata kwamba isiamilishwe kabisa. Kibodi ya kwenye skrini huitegemea njia hii ya mwisho, maana kama ingechukua fokasi kila unapoigusa, herufi zake zingeirudia kibodi yenyewe.

Kufuata kishale kuna matoleo yake. Katika toleo kali, kishale kikitoka madirishani na kuangukia mandhari ya eneokazi, hakuna dirisha lenye fokasi. Katika toleo legevu, fokasi hubaki kwa dirisha la mwisho mpaka kishale kiingie jingine. Mimi ni mtu wa toleo legevu, bila kuinua: naandika kwenye dirisha lililofunikwa robo tatu huku nikisoma lililo juu yake, jambo ambalo wabofyaji hawaliwezi bila kupanga upya madirisha yao.

Lakini nakiri kwamba starehe hii ina gharama yake kwa anayeandika msimamizi. Seva hutoa tukio la "kishale kimeingia dirishani" hata kama kishale hakikusogea; inatosha dirisha lisogee chini yake. Ukibadilisha eneokazi, ukifunga dirisha, au msimamizi wa vigae akipanga upya, madirisha yanapita chini ya kishale kilichotulia na kila moja linadai kwamba limeingiwa. Msimamizi asiyechuja matukio hayo atairusha fokasi huku na huko bila mtu kugusa kitu. Hapa tena swali ni lile lile: nani alisogea, mtumiaji au samani?

Kwa mpangilio wa macOS, kufuata kishale kungekuwa balaa. Upau wa menyu uko juu ya skrini na ni wa programu iliyo mbele. Ukitoka dirishani kuelekea kwenye menyu ukakatiza dirisha la programu nyingine njiani, menyu unayoiendea ingebadilika kabla hujaifikia.

Dirisha lenye fokasi likifungwa, wasimamizi wengi hushika orodha ya madirisha kwa mpangilio wa yaliyotumiwa karibuni, ile ile inayoonekana ukibonyeza Alt na Tab, na kumpa fokasi anayefuata. Kisanduku cha maongezi kikifungwa, fokasi hurudi kwa dirisha lililokizaa. Hili limekaa vizuri karibu kila mahali.

Wizi

Wizi wa fokasi ni pale dirisha linapojipa uamilifu bila mtumiaji kuomba. Katika Windows 95 programu ingeweza kuita SetForegroundWindow na kujileta mbele wakati wowote. Kuanzia Windows 98 na Windows 2000 ruhusa hiyo ilibanwa. Programu inaruhusiwa kujileta mbele ikiwa tayari ndiyo iliyo mbele, ikiwa imeanzishwa na iliyo mbele, ikiwa ndiyo iliyopokea tendo la mwisho la mtumiaji, au ikiwa muda wa kufuli umepita bila mtumiaji kugusa kitu. Muda huo kwa kawaida ni milisekunde 200,000, yaani dakika tatu na sekunde ishirini. Isiyotimiza sharti haifukuzwi. Kitufe chake kwenye mwambaakazi humetameta kwa rangi, basi.

Naipenda suluhu ya kumetameta. Inakubali kwamba ombi linaweza kuwa la kweli bila kukubali kwamba ni la haraka. Ila waandishi wa programu hawakukaa kimya. Mbinu mojawapo iliyoenea ni programu kuiunganisha foleni yake ya vitufe na ya programu iliyo mbele, hivyo mbili hizo zihesabiwe kama kitu kimoja, kisha kujileta mbele kwa kivuli cha mwenzake. Adhabu yake huja polepole: foleni zikiunganishwa, moja ikikwama nyingine nayo inakwama, na mtumiaji ataitukana ile isiyo na hatia.

Upande wa X, kwa kuwa seva haikuwa na wazo la wizi, wasimamizi walijenga kinga yao juu ya mihuri. Kila dirisha hutangaza wakati wa mwisho mtumiaji alipoligusa. Dirisha jipya likifunguka, msimamizi hulinganisha: je, tendo lililolizaa dirisha hili ni la baadaye kuliko mbonyezo wa mwisho wa kitufe kwenye dirisha lenye fokasi? Ikiwa ulibofya kuanzisha programu, kisha ukaendelea kuandika barua wakati programu inajivuta kufunguka, tendo lako la karibuni liko kwenye barua. Programu mpya itafunguka nyuma na kuwekewa alama ya kudai kutazamwa. Dirisha lenye adabu zaidi linaweza kujitangazia wakati wa sifuri, maana yake: nionyeshe, lakini fokasi usinipe. KWin, msimamizi wa KDE (mojawapo ya mazingira ya eneokazi ya Linux), ana ngazi tano za ukali katika kinga hii, kutoka kutozuia chochote hadi kuzuia kila kitu, na kuwepo kwa ngazi hizo ni ungamo kwamba hakuna kipimo kimoja kinachomfaa kila mtu.

Kigumu kilikuwa kuupitisha muhuri kutoka programu moja hadi nyingine. Mbofyo unatokea kwenye menyu ya eneokazi. Dirisha linazaliwa na programu ambayo wakati wa mbofyo haikuwa hata imeanza. Suluhu ilikuwa kuiachia programu changa kijikaratasi kwenye mazingira yake ya kuanzia, chenye kitambulisho na ule muhuri wa mbofyo. Ikisha kuamka, inakisoma na kumwonyesha msimamizi. Wengi walikisahau.

Kutoka adabu hadi hati

Wayland, mradi wa kuirithi X ulioanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008, uliondoa pengo lenyewe. Seva na msimamizi ni kitu kimoja, kompozita, na programu haina ombi lolote la kuchukua fokasi. Haipo amri hiyo. Programu inaarifiwa tu: kibodi imeingia kwenye dirisha lako, kibodi imetoka. Taarifa ya kuingia huja na orodha ya vitufe ambavyo wakati huo vimeshikiliwa chini, ili dirisha jipya lisije likaihesabu Ctrl uliyokuwa umeibana tangu dirisha la awali kuwa umeibonyeza kwa ajili yake. Vilevile programu haiwezi kusikiliza vitufe vinavyokwenda kwa wenzake, jambo ambalo X iliruhusu kwa ukarimu wa kutisha.

Kwa miaka kadhaa kufuli hilo lilikaza kupita kiasi. Ukibofya kiungo kwenye gumzo, kivinjari kilifungua ukurasa nyuma ya pazia, kwa sababu hakukuwa na njia halali ya kusema kwamba mtumiaji ndiye aliyetaka kiletwe mbele. Mwaka 2021 itifaki ya xdg-activation ikaleta hati ya ruhusa, tokeni. Gumzo, likiwa na fokasi, linaiomba kompozita tokeni na kuambatanisha namba ya tukio, kwa kuwa kila mbofyo na kila mbonyezo wa kitufe kwenye Wayland huja na namba yake. Kompozita ndiyo iliyoitoa namba hiyo, basi inajua kama ni ya kweli na kama ni ya karibuni. Inatoa tokeni, ambayo ni mfuatano wa herufi usiosomeka. Gumzo linamkabidhi kivinjari tokeni hiyo, kivinjari kinaiwasilisha, na kompozita inaamua.

Linganisha na muhuri wa X. Muhuri ulikuwa namba ambayo yeyote angeweza kuibuni, na sifuri ilikuwa ufunguo wa kila mlango. Tokeni hutolewa na yule yule atakayeikagua. Tena haiamuru: kompozita iko huru kuipokea na bado kukataa, au kuonyesha alama tu, na kompozita tofauti hukata mashauri tofauti kwa ombi lile lile. macOS 14 nayo imeelekea huko kwa njia yake: programu iliyo mbele sasa huachia zamu kwa hiari kwa programu inayoitaja, na njia ya zamani ya kujiamilisha bila kujali wengine imewekwa kwenye orodha ya zitakazoondolewa.

Mnyororo huu una urefu, na hukatika kwenye pete dhaifu. Ukiwa kwenye GNOME, mazingira mengine ya eneokazi ya Linux, ukabofya kiungo, na badala ya kivinjari kuja mbele ukapata arifa kwamba kivinjari kiko tayari, usikimbilie kukilaumu kivinjari. Anza na ulipobofya: je, programu hiyo iliomba tokeni? Kama iliomba, je, iliipitisha kwa huduma ya katikati inayofungua viungo? Je, kivinjari, ambacho huenda kilikuwa tayari kimewaka, kiliipeleka kwa dirisha sahihi kati ya madirisha yake? Mara nyingi utamkuta mmoja katikati aliyeipokea tokeni na kuiacha mfukoni. Programu yangu ya gumzo, ile ile ya nywila, sasa ni ya kundi hilo. Inapotaka kunionyesha ujumbe hutoa arifa pembeni na kubaki nyuma, nami nikibofya kiungo ndani yake kivinjari nacho hubaki nyuma.